Kulala Arusha bila kuumia: maswali ninayoulizwa kuhusu gesti za Kaloleni na Levolosi

Nilikaa mapokezi ya gesti moja pale Levolosi miaka sita, nyingi zikiwa zamu za usiku. Niliacha, siku hizi nashona, lakini namba yangu ni ileile na haipiti wiki bila simu: "Dada, kesho nakuja Chuga, nilale wapi?" Wengine ni wageni wangu wa zamani, wengine wamepewa namba na watu nisiowajua hata mimi. Nimechoka kurekodi majibu yaleyale WhatsApp, ndiyo maana nimekaa nikayaandika. Ni majibu ya mtu wa mfuko wa kawaida: anayekuja semina, kuuguza, kufanya usaili, kufuata mzigo, au anayepumzika usiku mmoja kabla ya Namanga. Mwenye bajeti ya lodji za watalii hanihitaji.

Kila ninayemuuliza ananiambia "nenda Kaloleni". Kaloleni kuna nini?

Kuna stendi, kwa kifupi. Kaloleni na Levolosi ni kata mbili zilizoshikana katikati ya mji. Stendi ya mabasi ya mjini iko jirani, Soko Kuu unalifikia kwa miguu, Uwanja wa Sheikh Amri Abeid uko hapohapo. Mabasi yalileta wageni, wageni wakaleta gesti, gesti zikaleta mama ntilie, saluni, mawakala wa pesa na baa. Unaweza kutembea mtaa mmoja ukapita vibao vya "vyumba vipo" mpaka ukachoka kuvisoma. Faida yake kwa mtafutaji ni hiyo: ukikataa chumba hapa hujapoteza nauli, unavuka barabara unaangalia kingine.

Wengi hulala hapo bila kujua majirani zao. Makumbusho ya Azimio la Arusha yako Kaloleni, karibu na Mnara wa Mwenge. Katika jengo hilo Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Januari 1967, na Azimio likatangazwa tarehe 5 Februari. Kama basi lako ni la mchana na chumba umeshakirudisha, ni mahali pazuri pa kumalizia asubuhi kuliko kukaa stendi na begi mapajani.

Bei zikoje kwa sasa?

Nitakupa bei za mlangoni nilizozizoea, uzichukue kama makadirio. Chumba cha choo cha kushea unaweza kukipata kwa elfu kumi na tano mpaka ishirini. Self ya kawaida, yaani chumba chenye choo na bafu ndani, ni kati ya elfu ishirini na tano na arobaini. Kuanzia elfu hamsini nyumba inaanza kujiita hoteli: kuna chai asubuhi, taulo mbili badala ya moja, na mtu wa kukubebea begi hata kama hukumwomba.

Kilicho muhimu kuliko bei ni kujua kwamba bei ya kwanza si ya mwisho. Mimi nilikuwa na ruhusa ya kushusha elfu tano bila kumpigia bosi, na sikumwambia mgeni yeyote hilo mpaka aulize. Ila kuna namna ya kuuliza. Anayeingia na kusema "punguza" kabla hajaona chumba anaonekana ana haraka tu. Anayekwenda kuona chumba, akarudi, akaegemea kaunta na kusema "dada, nikilala siku tatu utanifanyiaje?" huyo tunaongea. Saa nzuri ni baada ya saa tatu usiku, siku ambayo bado kuna funguo nyingi ubaoni. Chumba kikilala kitupu hakuna anayelipa kesho yake. Utupie jicho ule ubao wa funguo nyuma ya mapokezi, utakuambia kama una nguvu ya kuongea bei au huna.

Wakinitajia dola?

Waombe shilingi. Kanuni za mwaka 2025 zinakataza bei za huduma za ndani kutangazwa au kulipwa kwa fedha za kigeni. Mtanzania unayelala Kaloleni huna sababu hata moja ya kupigiwa hesabu ya dola.

Nitajuaje kama maji ya moto yapo kweli?

Hili ndilo swali ambalo ningetaka kila mtu aniulize, na wanaoniuliza ni wachache. Wa Dar hawalifikirii kabisa. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, mgongoni ina Mlima Meru. Juni na Julai ukijimwagia maji ya bomba saa kumi na moja alfajiri unapiga kelele hadi chumba cha tatu wanasikia. Nilikuwa nawasikia.

Usiulize "maji ya moto yapo?" Jibu huwa ni ndiyo, kila mahali, siku zote. Ingia bafuni mwenyewe. Gesti nyingi zinatumia heta ndogo iliyofungwa kwenye kichwa cha shawa. Tafuta swichi yake: ni kubwa kuliko ya taa, ina taa nyekundu, na mara nyingi wameiweka nje ya bafu, juu ya mlango, mahali ambapo mtu mfupi haifikii. Iwashe. Fungua bomba kidogo, si lote. Heta hizi zinapasha maji yanayopita, kwa hiyo ukifungulia yote yanapita kabla hayajapata moto, kisha mgeni anasema shawa ni mbovu. Hesabu mpaka sitini. Yakiwa vuguvugu, lipia chumba. Ukiambiwa "yanakuja asubuhi", jua hayaji.

Mambo mawili zaidi hapo. Heta ikifungwa na fundi wa kubahatisha, maji yanakuwa na shoti. Ukigusa bomba likakutekenya vidole, zima swichi, vaa kandambili zako, nenda kaombe chumba kingine. Usijifanye mwanaume. Pili, uliza Luku, yaani umeme wa kulipia kabla, ikiisha usiku nani anaweka. Kwetu aliyekuwa na pesa ya Luku ni bosi, na bosi alikuwa analala Njiro na simu imezimwa. Nimewahi kubeba ndoo sita za maji ya jikoni kupanda ghorofa ya pili kabla ya saa kumi na mbili, na wageni wawili bado waliondoka wakininunia.

Nilipe mapema kwa simu ili chumba kisipotee?

Hapana, au basi kidogo sana.

Usiku mmoja, kama saa tano hivi, aliingia mzee mmoja kutoka Singida akiwa na binti yake. Binti alikuwa na usaili kesho yake asubuhi. Mzee akaniambia kwa utulivu kabisa, "Mwanangu, sisi ndio tuliolipia vyumba viwili." Nikaangalia daftari, hawamo. Akatoa simu, akanionyesha ukurasa alikoona tangazo. Picha zilikuwa za kwetu. Kaunta yangu, kalenda ya duka la vipuri iliyokuwa nyuma yangu, saa ya ukutani iliyosimama saa tisa kasoro dakika tano tangu nianze kazi. Jina la gesti lilikuwa jingine, na namba aliyoitumia elfu sitini haikuwa yetu wala ya mtu yeyote tuliyemjua. Siku hiyo tulijaa. Nilimtandikia binti godoro kwenye stoo ya mashuka, na mzee akakaa nami mapokezi hadi kukakucha, ananisimulia habari za alizeti. Elfu sitini haikurudi.

Kwa hiyo fanya hivi. Piga simu, usiishie kuchati, na msikilize anayepokea: mtu wa mapokezi ya kweli anakatizwa na wageni kila dakika. Mwombe akutumie video fupi ya chumba chenyewe akiwa anafungua bomba. Kama ni lazima utume kitu, tuma usiku mmoja tu, na usome jina linalotokea kwenye simu kabla hujaweka namba ya siri. Likija jina la mtu binafsi ambaye hakutajwa kwenye mazungumzo, acha. Vizuri zaidi ni kusema, "Nishikie hadi saa mbili usiku, nisipofika mpe mwingine." Nyumba nyingi zinakubali hilo siku za kawaida, na wewe hujatoa hata shilingi.

Na zile programu za kubuku hoteli?

Zina kazi yake, ila si ile watu wanayodhani. Nyumba inayojitangaza humo inakatwa kamisheni, kwa hiyo mara nyingi bei ya mlangoni ni nafuu au inaweza kufanywa nafuu. Mimi ningezitumia kusoma malalamiko. Ruka yanayosifu kila kitu na yanayotukana kila kitu, soma yale ya katikati ya miezi ya karibuni: "chumba kizuri ila maji yalikatika siku mbili." Huyo alilala pale kweli.

Angalia mambo mawili. Ramani: nimeona pini imechomekwa Mnara wa Saa, katikati ya mji, wakati nyumba yenyewe iko Sakina. Piga simu uulize, "Nikishuka stendi nakuja kwa miguu au kwa toyo?" Hapa bodaboda tunaiita toyo, usishangae. Jibu litakuonyesha umbali wa kweli. Na saa: programu zinaandika kutoka 10:00 na kuingia 14:00, yaani saa nne asubuhi na saa nane mchana. Kuna kijana alikuja saa kumi jioni kurudisha ufunguo, akiamini kabisa yuko ndani ya muda wake. Tulimchaji nusu siku, akalipa huku akinionyesha simu yake kama ushahidi mahakamani.

Kelele je? Nasikia Kaloleni hakulaliki.

Inategemea upande wa jengo. Chumba cha mbele na cha nyuma katika gesti moja vinaweza kuwa kama miji miwili tofauti.

Kelele za huko ni za aina tatu. Mabasi ya alfajiri: injini zinapashwa, wapiga debe wanaanza kutaja Dar, Mwanza na Dodoma kabla jua halijafikiria kutoka. Adhana na vipaza sauti vya makanisa: hivyo ni vya mji wote, mwombe Mungu akupe usingizi mzito. Na baa. Hii ya tatu ndiyo inayokuumiza kwa sababu mchana haionekani. Unaona gesti saa saba mchana, kimya, pazia linapepea, unalipa. Ijumaa saa tano usiku kitanda kinatikisika kwa besi.

Ukienda kuona chumba mchana, fungua dirisha uchungulie uani kwa jirani. Ukiona viti vya plastiki vimepandana na turubai limefunika kitu cha mraba chenye urefu wa mtu, hilo ni spika, na ile ni baa iliyolala. Omba chumba cha upande mwingine, ghorofa ya juu. Angalia pia jenereta limefungwa wapi. Watu wanasahau jenereta.

Usalama wake ukoje, hasa kwa mwanamke peke yake?

Mchana ni mji kama mji mwingine, shika simu yako. Usiku sikushauri kutembea na begi kuanzia saa nne. Machalii wa kona wengi hawana shida na mtu, lakini mgeni anajulikana kwa namna anavyotazama vibao. Ukishuka usiku, piga gesti wakutumie toyo au bajaji wanayoijua. Hapa bodaboda tunaiita toyo, usishangae.

Kwa dada zangu: angalia komeo la ndani kabla ya kitu kingine chochote. Kitasa cha funguo hakitoshi, kwa sababu ufunguo wa akiba uko kaunta na kaunta kuna watu wengi. Nataka komeo la kusukuma, limefungwa kwa skrubu zote. Ghorofa ya kwanza au ya pili ni bora kuliko chini, na chumba kilicho karibu na ngazi ni bora kuliko kile cha mwisho wa korido. Na si lazima mapokezi waitaje kwa sauti namba ya chumba chako mbele ya watu waliokaa kwenye sofa. Wakifanya hivyo, omba ubadilishiwe, mimi nisingekushangaa.

Mapokezi wameniuliza "unalala au unapumzika?" Wana maana gani?

Wana maana chumba kinauzwa pia kwa saa. Ukiwa peke yako na unataka tu godoro, haikuhusu. Ukiwa na watoto, au mama yako, shukuru kwa upole utoke.

Kama kazi yangu haiko katikati ya mji, bado nilale Kaloleni?

Hapa ndipo watu wanapopoteza pesa nyingi kuliko kwenye chumba chenyewe. Wanaokoa elfu tano ya kulala, wanalipa elfu kumi ya toyo kila siku. Anza na swali la wapi unatakiwa kuwa saa mbili asubuhi, halafu ndiyo utafute kitanda.

Kama ni AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa, au una mgonjwa Hospitali ya Mount Meru, tazama Sekei na Sanawari. Sekei ni mtaa wa makazi, kuna nyumba ndogo za wageni zilizofichwa nyuma ya ua wa michongoma, kimya, na unashuka kwa miguu hadi kwenye mkutano. Mvua ikinyesha njia za ndani zinakuwa matope, njoo na kiatu cha pili. Kwa anayeuguza nina neno zaidi: waulize ndugu wa wagonjwa wengine pale nje wanakosubiri saa ya kuona wagonjwa. Wao wameshajua vyumba vya bei ya chini na wenye nyumba wenye huruma, kuliko mimi na kuliko simu yako.

Kama ni Chuo cha Uhasibu au maonyesho ya Nanenane, lala Njiro au Themi. Kutoka Kaloleni asubuhi utakaa kwenye foleni ukilaumu watu.

Kama ni Tengeru au Makumira, usiingie mjini kabisa. Usa River na Tengeru kuna vyumba, hewa nzuri, na Tengeru siku ya soko unakula ndizi ambazo mjini hazifiki zikiwa na ladha ile.

Anayekwenda Namanga, au anayerukia Kisongo kwa ndege ndogo asubuhi, Sakina inamfaa kwa sababu iko upande huohuo wa kutokea mjini. Anayerukia KIA, yaani Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro, ni hesabu nyingine. Uwanja uko karibu kilomita 50 kutoka mjini kuelekea Moshi. Ndege ikiwa ya alfajiri, aidha upatane na gari usiku huohuo na dereva aliyethibitishwa na gesti, au ulale kabisa upande wa Usa River au Boma Ng'ombe. Kutegemea kupata haisi saa tisa usiku ni kujidanganya.

Waliobaki, yaani wenye basi la alfajiri, wanaofuata mzigo sokoni, na wasiojua bado watakwenda wapi, Kaloleni na Levolosi ndiko kwao. Ila hata mwenye basi aulize tiketi yake inaanzia wapi hasa. Makampuni mengine yanapakia kwenye ofisi zao badala ya stendi, na kukimbia na mabegi saa kumi na moja na nusu si mazoezi ninayomtakia mtu.

Ni miezi gani vyumba vinakuwa shida?

Juni hadi Oktoba mji unajaa watalii. Gesti za elfu thelathini hazichukui watalii wengi, lakini madereva, wapishi na wapagazi wa safari wanalala humo, na bei inasogea. Agosti mwanzoni kuna Nanenane. Kukiwa na mkutano mkubwa AICC, au sherehe ya kitaifa uwanjani kama Mei Mosi ya 2024, hata stoo ya mashuka inapangishwa.

Desemba ni ya pekee. Kuanzia wiki ya Krismasi watu wa Kilimanjaro na Meru wanarudi nyumbani, mabasi yanajaa, wengi wanafika usiku wakiwa wamechoka na wanahitaji kulala kabla ya kupanda migombani. Kipindi hicho usije bila kupiga simu. Wala usidhani utakimbilia Moshi, kilomita kama 80 tu. Moshi Desemba ni hivyohivyo, na mwishoni mwa Februari kuna Kilimanjaro Marathon inayoujaza mji mzima.

Machi hadi Mei, masika, ndiyo saa yako ya kuongea bei. Njoo na mwavuli.

Kwa nini kitabu cha wageni kinauliza kabila langu?

Ni mazoea ya zamani. Jina, kabila, kazi, unakotoka, unakokwenda, saini. Polisi huja kukagua vitabu hivyo, kwa hiyo mapokezi hawezi kukuacha upite bila kujaza, na kitambulisho utaombwa. Safu ya kabila wageni wengine walikuwa wananiandikia "Mtanzania", na hakuna aliyewahi kurudi kunihoji. Kwenye kazi, wakulima waliandika mkulima, na wabunge wawili niliowapokea waliandika mfanyabiashara.

Mke wangu na mimi tunatumia majina tofauti. Tutaombwa cheti cha ndoa?

Nyumba nyingi hazitauliza. Hosteli za makanisa zinaweza kuuliza, na pombe pia haziruhusu. Kwa upande mwingine ndizo zenye mashuka masafi na usiku wa kimya kwa bei ile, kwa hiyo piga simu uulize kabla.

Natoka chumbani saa ngapi?

Saa nne asubuhi, karibu kila mahali. Begi unaweza kuliacha mapokezi bure, lakini liwe na kufuli, na simu na pesa ubaki navyo mwenyewe.

Nahitaji risiti ya kurudisha masurufu ofisini. Gesti wanatoa?

Uliza kabla hujalipa, si baada. Risiti ya mashine ya EFD ndiyo mhasibu wako anayoitaka, ile ndefu yenye alama ya mraba ya kuskani. Gesti nyingi ndogo zina kitabu cha risiti cha kuandika kwa mkono tu. Wengine wana mashine lakini "ina tatizo la mtandao" tangu mwaka juzi. Usikubali kuambiwa utatumiwa WhatsApp kesho. Tulikuwa na ofisa mmoja aliyetupigia simu mwezi mzima kwa risiti ya siku nne, na mwisho nasikia alikatwa kwenye mshahara.

Nikishuka stendi, wale wanaonivuta mkono kunipeleka gesti niwafuate?

Hapana. Sio kwamba wote ni wabaya, ila analipwa na gesti, na malipo yake yanarudi kwako ndani ya bei. Sisi tulikuwa tunawapa elfu tatu kwa kichwa. Sema "nimeshapata, kaka, asante", endelea kutembea, usisimame kueleza. Ukisimama kueleza umeshaanza biashara.

Naweza kunywa maji ya bomba?

Nunua ya chupa. Maji ya maeneo mengi huku yana floraidi nyingi, ndiyo maana utaona wenyeji wenye meno ya rangi ya kahawia na si kwamba hawapigi mswaki. Kwa kuoga na kunawa hayana neno.

Chai ya asubuhi ikijumuishwa, ni chai kweli?

Chai ya maziwa, mkate au andazi, yai, kipande cha tikiti. Basi. Mimi ningechukua chumba cha bila chai kwa elfu tano pungufu, halafu nikatoka nje nikanywa mtori au supu na chapati kwa mama ntilie, nikabakiwa na chenji.

Basi limechelewa, nimeshuka saa saba usiku, kila mahali pamefungwa. Nifanyeje?

Kwanza usitembee kutafuta. Baki pale mabasi yanaposhusha, palipo na taa na watu, karibu na ofisi yoyote ya basi iliyo wazi. Piga namba za gesti mbili tatu ulizozihifadhi kabla ya safari. Ndiyo, zihifadhi leo, simu ikiwa na chaji. Milango inafungwa lakini mlinzi yupo, na mtu wa zamu yupo amelala nyuma ya kaunta kwenye mkeka. Bonyeza kengele mara moja, subiri. Akitokea na khanga begani na jicho moja limefumba, msalimie kwanza, mwombe radhi kwa kumwamsha, ndiyo uulize chumba. Wanaogonga mlango kwa ngumi nilikuwa nawapa chumba namba kumi na moja, kile cha juu ya jenereta.

Dada, si unitafutie wewe tu? Nitakupa ya soda.

Siwezi. Nyumba nilizozijua zimebadilisha wenye, bei na mabomba, na nikikuelekeza pabaya utanipigia mimi saa kumi na moja alfajiri ukiwa na povu kichwani. Ila ukifika kabla ya giza, kaa kwa mama ntilie yeyote pale Levolosi, agiza chapati, muulize mapokezi wa gesti zipi wanakuja kula kwake asubuhi na wanalalamika nini. Anajua nani hajalipwa mshahara miezi miwili na nani kafungiwa maji.